Kitenzi “run” cha Kiingereza kina maana ngapi, na tukifasiri vipi kwa Kiswahili?

Mfasiri wa Vikundi, Morogoro

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kufasiri kutoka Kiingereza mwongozo wa vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo wengi wetu huku tunaviita VICOBA. Watakaousoma ni wanachama wenyewe: mama lishe, wakulima wa mboga, mafundi cherehani na waendesha bodaboda, watu wanaokutana kila wiki mbele ya sanduku lenye kufuli tatu na kuhesabu hisa zao hadharani. Kwa sababu hiyo siwezi kujificha nyuma ya maneno makubwa, kwani sentensi isiyoeleweka katika mwongozo wa namna hii inaweza kuzaa ugomvi wa fedha baina ya majirani.

Kinachonisumbua si istilahi za fedha, kwa maana hisa, riba, rejesho na dhamana ni maneno ambayo wanachama wanayatumia kila siku. Kinachonisumbua ni kitenzi kidogo cha herufi tatu, “run”. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kukimbia, na wengi wetu tuliishia hapo. Katika mwongozo huu hakuna anayekimbia, lakini neno hilo limetapakaa kila ukurasa. Kikundi “is run by its members”. Mkopo “runs for three months”. Kabla ya mkutano kuanza, katibu anatakiwa “to run through the rules”. Mwanachama yeyote ana haki “to run for chairperson”. Mfuko wa jamii unaweza “run low” na hatimaye “run out”. Mwanachama asiyejizuia anaweza “run up debts”, na kikundi kinachokopesha bila wadhamini “runs the risk” ya kupoteza akiba ya wote. Iko sura nzima inayoonya kuhusu “a run on the fund”, na karibu kila sura inafungwa kwa ahadi ya mema yatakayopatikana “in the long run”.

Nimefungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili niliyo nayo, nikakuta visawe vingi vimepangwa kwa mfululizo, lakini kamusi hainielezi nichague kipi, mahali gani, wala kwa nini. Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, je, maana zote hizi zimetoka katika mzizi mmoja ambao mfasiri akiujua anaweza kukisia sawasawa, au ni maneno mbalimbali yaliyokutana katika sauti moja? Pili, ninyi mnaofasiri kila siku mnatumia kigezo gani kuchagua kitenzi cha Kiswahili?

Mwalimu wa Lugha, Tanga

Ndugu Mfasiri, swali lako limewahangaisha hata watunzi wa kamusi wa huko huko lilikotoka neno. Toleo la kwanza la Oxford English Dictionary lilipokamilika mwaka 1928, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa “set”. Wakati wa kuandaa toleo la tatu, mhariri Peter Gilliver alikabidhiwa “run”, akaishughulikia kwa takribani miezi tisa, na mwaka 2011 ikafahamika kwamba amefikisha maana 645 kwa kitenzi peke yake. Usijilaumu, basi, kwa kuchoka na kurasa chache za mwongozo wako.

Kuhusu mzizi, jibu ni ndiyo, maana hizi ni za ukoo mmoja, na ukoo wenyewe unafundisha. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyohusiana. Kimoja kilikuwa “rinnan”, ambacho pia kilitamkwa “iernan”, chenye maana ya kwenda mbio na vilevile ya kutiririka kama maji au damu. Cha pili kilikuwa “ærnan”, chenye maana ya kumfanya farasi aende mbio. Kwa lugha ya sarufi yetu, cha pili kilikuwa kauli ya kutendesha ya cha kwanza. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, mpaka leo kina jozi ya namna hiyo: “rinnen” ni kutiririka, na “rennen”, ambacho asili yake ni kauli ya kutendesha ya “rinnen”, sasa ni kukimbia. Kiingereza kiliacha vitenzi hivyo viwili vikachanganyika hadi vikawa neno moja, na neno hilo likabeba mizigo yote miwili.

Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaonyesha jozi ambazo Kiingereza hakikuzipoteza, kwa sababu zinafanana mno na za kwetu. Sisi tuna lala na laza, wao wana “lie” na “lay”. Sisi tuna anguka na angusha, wao wana “fall” na “fell”, hiki cha pili kikitumika zaidi kwa kuangusha miti. Sisi tuna keti na ketisha, wao wana “sit” na “set”. Hapo utaona kwamba hata “set”, kile kitenzi kilichowatesa wahariri wa mwaka 1928, ni kauli ya kutendesha iliyokwenda mbali na mama yake. Kwa “run” jozi ilikufa, na mzungumzaji wa Kiingereza sasa anategemea mpangilio wa maneno kujua nani anakwenda na nani anaendesha.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni hiki: tazama kama kuna mtendwa. Chukua mfano wa reli ya TAZARA. Kiingereza kinaweza kusema kwamba reli hiyo “runs” kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwamba treni “run” juu yake kwa ratiba, na kwamba kwa miongo mingi imekuwa “run” na mamlaka ya pamoja ya serikali za Tanzania na Zambia. Kitenzi ni kimoja mara tatu. Kwa Kiswahili reli haiendi popote, imelala pale pale ilipojengwa, kwa hiyo tunasema inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, au ina urefu wa kilomita hizo. Treni ndizo zinazokwenda, zinasafiri, zinafanya safari zake. Nayo mamlaka inaiendesha. Mwingereza anaacha msikilizaji ayatenganishe mambo hayo matatu mwenyewe. Mswahili anayatenganisha ndani ya kitenzi.

Kigezo cha pili, ambacho ningependa ukishike kuliko vyote, ni kwamba sehemu kubwa ya maana za “run” kwa Kiswahili ni mali ya kitenzi enda, wala si ya kimbia. Wazo lililo chini ya neno hilo la Kiingereza ni kwenda bila kukatika, kama maji yanavyokwenda, na miguu ya mwanariadha ni sehemu moja tu ya wazo hilo. Angalia jinsi enda inavyozaa: saa inakwenda, na ikizidisha tunasema inakwenda mbio, biashara inakwenda, dereva anaendesha gari, wakili wa serikali anaendesha mashtaka, kazi inaendelea, mradi unaendelezwa, mtu ana mwendo wake na ana mwenendo wake, taifa lina maendeleo. Kama mwongozo wako una sentensi ya aina ya “a group that runs well runs itself”, Kiswahili kinaipokea bila jasho: kikundi kinachokwenda vizuri hujiendesha chenyewe. Hapo tumerudisha ile tofauti ambayo Kiingereza kiliipoteza.

Kigezo cha tatu ni kile kineno kinachofuata. Kiingereza hubadilisha maana kwa kuweka kielezi au kihusishi nyuma ya kitenzi, wakati sisi ama tunanyambua kitenzi, ama tunachukua kitenzi kingine kabisa. “Run through the rules” ni kuzipitia kanuni kwa haraka. “Run up debts” ni kulimbikiza madeni. “Run into difficulties” ni kukumbwa na matatizo. “Run low” ni kupungua. Kwa “run out” kuwa mwangalifu, kwa sababu Kiingereza hukitumia kwa fedha na kwa mwenye fedha vilevile. Fedha ndizo zinazokwisha; kikundi huishiwa. Ukiandika kwamba kikundi kimeisha fedha, mwanachama mmoja atakuelewa na mwingine atadhani kikundi chenyewe kimekufa. Andika “fedha za mfuko zimekwisha” au “kikundi kimeishiwa fedha”, na ile kauli ya kutendewa iliyomo katika ishiwa itafanya kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kwa maneno mawili ya ziada.

Mhariri wa Zamu, Mombasa

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa maelezo hayo. Ningependa kuongeza yale tunayokutana nayo katika chumba cha habari, kwa sababu habari nyingi za mashirika ya nje hutufikia kwa Kiingereza na hatuna muda mrefu wa kuzifasiri.

Kwa “run for chairperson”, Ndugu Mfasiri, una vitenzi viwili vizuri, kugombea na kuwania. Huku Kenya tunatumia vyote, na sikio langu linaniambia kwamba Tanzania kugombea kunasikika zaidi, kwa hiyo kwa wasomaji wako andika “kugombea uenyekiti”. Usidanganyike ukaandika kwamba mwanachama “anakimbilia uenyekiti”. Kiswahili hicho ni sahihi, ila maana yake ni nyingine: anayekimbilia madaraka ni mtu mwenye uchu, na mwanachama aliyejitokeza kwa nia njema hatapenda kuitwa hivyo katika mwongozo wa kikundi chake. Picha ya mbio tunaikubali pale inapokuwa nomino, kama tunaposema mbio za urais au mbio za kuelekea Ikulu, na hata hapo ni lugha ya vichwa vya habari zaidi kuliko ya kanuni.

Inafaa pia kujua kwamba Kiingereza chenyewe hakikubaliani katika jambo hili. Mmarekani husema mgombea “runs for office”, na Mwingereza kwa desturi husema “stands”. Sisi tuna kitenzi simama kwa upande wa chama, maana chama humsimamisha mgombea, lakini nguvu ya neno letu iko katika kugomba na kugombania, yaani katika ushindani wenyewe. Naye anayeandamana na mgombea wa urais, ambaye Kiingereza humwita “running mate”, ni mgombea mwenza, na sijasikia mtu akilalamikia istilahi hiyo.

Mwaka 2017 tulijifunza kwa vitendo jinsi “run” inavyoweza kuwachanganya watu wazima. Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti, na wapiga kura wakarudi vituoni tarehe 26 Oktoba. Kiingereza kina neno “rerun” kwa uchaguzi unaofanywa upya baada ya ule wa kwanza kufutwa, na kina “run-off” kwa raundi inayofuata pale ambapo hakuna mgombea aliyefikia kiwango. Chini ya Katiba yetu ya mwaka 2010 mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu huyo, wapiga kura wanaitwa tena ndani ya siku 30. Hiyo ndiyo duru ya pili. Ule wa Oktoba 2017 ulikuwa uchaguzi wa marudio. Anayefasiri “rerun” kuwa duru ya pili anawaambia wasomaji kwamba uchaguzi wa kwanza ulikuwa halali na haukutoa mshindi, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha uamuzi wa mahakama.

Kwa mkopo ambao “runs for three months”, mimi nisingetafuta kitenzi cha mwendo hata kidogo. Andika “muda wa mkopo ni miezi mitatu”. Vivyo hivyo tangazo ambalo “runs for two weeks” sisi tunasema linatoka kwa wiki mbili, na kama hakuna siku itakayorukwa tunaongeza neno mfululizo. Neno hilo mfululizo likumbuke, kwa sababu linabeba ile hali ya kutokatika aliyoieleza Mwalimu, na ndilo jibu la “three meetings running”: mwanachama asiyehudhuria mikutano mitatu mfululizo.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto, Mwanza

Naomba nami nichangie, kwa sababu Mwalimu amekisifu sana kitenzi endesha, nami nakubaliana naye, ila kina upande mmoja ambao mfasiri wa maandishi yanayosomwa na akina mama hapaswi kuusahau. Mama akifika wodini na kusema “mtoto anaendesha tangu jana”, maana yake ni kwamba mtoto anaharisha. Tunasema pia tumbo la kuendesha. Kwa bahati ya pekee Kiingereza nacho kimefika hapo hapo kwa njia yake, kwani kuharisha katika mazungumzo ya kawaida huitwa “the runs”. Kwa hiyo, Ndugu Mfasiri, usikiache kitenzi endesha kikae peke yake bila mtendwa. “Katibu anaendesha mkutano” haina tatizo. “Katibu ndiye anayeendesha”, kama imeandikwa peke yake chini ya picha, itawafanya wasomaji watazamane.

Katika kazi yetu “run” ipo kila mahali, na karibu kila mara kisawe chake ni kitenzi kingine. Mgonjwa ambaye “is running a temperature” ana homa, au joto lake limepanda. Vipimo havikimbizwi, vinafanywa. Mgonjwa anafanyiwa vipimo. Kidonda kinatoa usaha. Dripu inakwenda, na hapo nafurahi kwamba ule mfano wa Mwalimu wa maji yanayokwenda unasimama wima, kwa sababu muuguzi husimama kando ya kitanda akihesabu matone na kusema inakwenda polepole au inakwenda kasi. Lipo jambo moja ambalo limeanza kuingia katika vipeperushi na linaniuma: “pua inakimbia”. Mtoto anatokwa na kamasi. Hakuna bibi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuona pua ikikimbia, na kipeperushi kikiandika hivyo kinampotezea msomaji imani katika maneno mengine yote yaliyomo.

Mfano mwingine unahitaji uangalifu wa kitabibu. “It runs in the family” wengi hufasiri kwa haraka kuwa “ni ugonjwa wa kurithi”. Kwa selimundu fasiri hiyo ni sahihi, kwa kuwa mtoto hupata vinasaba hivyo kutoka kwa wazazi. Kwa shinikizo la damu au kisukari cha ukubwani fasiri hiyo inazidi kiasi, kwa sababu ugonjwa unaweza kuonekana kwa watu wengi wa nyumba moja kutokana na asili yao na vilevile kutokana na chumvi, mafuta na maisha wanayoshiriki pamoja, na mtu akiambiwa ni wa kurithi anaweza kukata tamaa ya kujikinga. Mimi huuliza hivi: “Katika ukoo wenu kuna wengine wenye ugonjwa huu?” Na ninapoandika, naandika kwamba ugonjwa huo huonekana kwa watu wengi wa ukoo mmoja.

Mfasiri wa Vikundi, Morogoro

Nawashukuru sana, Mwalimu, kaka Mhariri na dada Muuguzi. Nimekwisha kurekebisha sura tatu za kwanza kwa kutazama kwanza kama mtendwa yupo, na sentensi nyingi zimekaa sawa zenyewe. Sasa nimebakiwa na fundo moja kubwa, nalo ni ile sura ya “a run on the fund”. Mwongozo unaeleza kwamba uvumi ukienea kuwa fedha zimeibwa, au kwamba mweka hazina amehama mji, wanachama wote hutaka kutoa akiba zao siku hiyo hiyo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha iko mikononi mwa wakopaji, sanduku haliwezi kuwalipa wote hata kama hakuna senti iliyoibwa. Nilikuwa nimeandika “wanachama kuukimbia mfuko”. Je, inatosha?

Mwalimu wa Lugha, Tanga

Umefanya vizuri kuuliza, maana hapa ndipo kimbia inapostahili kuingia, lakini si katika umbo hilo. Kitenzi kimbia kikipewa mtendwa, kwa Kiswahili huwa na maana ya kuondoka na kuacha: mtu amemkimbia mkewe, wanakijiji wamekimbia mafuriko, mdaiwa amekimbia deni. Kikinyambuliwa kuwa kimbilia kinageuza uelekeo, na mtu sasa anakwenda kwa haraka kule anakotarajia kupata kitu au usalama. Ndiko tunakopata kimbilio. Kutoka mzizi huo huo tunaye mkimbizi, ambaye ameyakimbia maafa na kukimbilia nchi nyingine, na silabi moja ndiyo inayotenga alikotoka na anakokwenda.

Ukiandika “kuukimbia mfuko”, msomaji ataelewa kwamba wanachama wamejitoa, wameacha kuchangia, pengine wameacha hata hisa zao. Jambo unalolieleza ni tofauti: wanaukimbilia mfuko, wote kwa pamoja, kabla haujakauka. Hapa Kiswahili kinalazimika kueleza kila mmoja anafuata nini, kwa hiyo ongeza kitenzi cha pili: “wanachama kuukimbilia mfuko kutoa akiba zao kwa wakati mmoja”. Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, na mimi siyaonei uchoyo, kwa sababu hatari yenyewe iko katika hayo maneno ya mwisho. Mwanachama mmoja akitoa akiba yake hakuna tatizo. Wakitoa wote kwa wakati mmoja, hata kikundi kizima na chenye afya kinaanguka.

Mabenki makubwa nayo yamepitia hali hiyo. Mwezi Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock nchini Uingereza walipanga foleni barabarani kutoa amana zao, jambo ambalo nchi hiyo haikuwa imelishuhudia tangu karne ya 19. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na sehemu kubwa ya agizo hilo ilipitia kwenye simu na kompyuta bila foleni ya kuonekana. Kimbilia inafaa kwa hali zote mbili, yenye miguu na isiyo na miguu, kwa sababu kinachoelezwa ni haraka na hofu.

Kwa sababu hiyo hiyo chunga sana “runs the risk”. Mtu akifasiri neno kwa neno atapata “kukimbia hatari”, na hiyo kwetu ni kuiepuka hatari, yaani kinyume cha kilichokusudiwa. Andika kwamba kikundi kinachokopesha bila wadhamini “kinajiweka katika hatari ya kupoteza akiba ya wanachama wote”.

Mhariri wa Zamu, Mombasa

Namuunga mkono Mwalimu kuhusu kimbilia, nami ningependa kupingana naye kidogo katika urefu. Kichwa cha sura hakiwezi kubeba “wanachama kuukimbilia mfuko kutoa akiba zao kwa wakati mmoja”. Kwa kichwa ningependekeza “Hofu inapoingia na wote wakataka kutoa akiba”, halafu ule ufafanuzi kamili uwekwe katika sentensi ya kwanza ya sura. Msomaji wa kikundi hatafuti istilahi, anatafuta kujua hali yenyewe inafananaje ili aitambue itakapotokea.

Kuhusu “in the long run”, naona hukujibiwa. Kamusi nyingi zitakupa “hatimaye” na “mwishowe”. Kwa habari za siasa zinafaa, lakini kwa akiba zina kasoro, kwa sababu zinaelekeza akili kwenye siku moja ya mwisho, wakati faida ya kuweka na kukopa hujengeka kidogo kidogo. Pale mwongozo unapozungumzia faida inayoongezeka, andika “kadiri miaka inavyokwenda”. Pale unapozungumzia matokeo ya mara moja, kwa mfano kikundi kuvunjika kwa sababu ya kupuuza kanuni, “hatimaye” ibaki.

Mfasiri wa Vikundi, Morogoro

Nimeyapokea yote, na kichwa hicho cha sura nimekichukua kama kilivyo. Naiweka hapa aya ya kwanza ili mnisahihishe kabla sijaikabidhi:

“Kikundi kinachokwenda vizuri hujiendesha chenyewe kwa sababu wanachama wanaaminiana. Imani hiyo ikitikiswa na uvumi, wanachama wanaweza kuukimbilia mfuko kutoa akiba zao kwa wakati mmoja. Siku hiyo sanduku litaishiwa fedha hata kama hakuna aliyeiba, kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba iko kwa wakopaji na itarudi mikopo itakapoiva. Uvumi ukianza, mwenyekiti aitishe mkutano mara moja, washika funguo watatu wafungue sanduku mbele ya wote, na katibu asome daftari la mikopo jina kwa jina.”

Muuguzi wa Wodi ya Watoto, Mwanza

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha namna hiyo, nami nimeielewa aya hiyo kwa kuisoma mara moja. Neno moja tu ningelibadilisha: mikopo “itakapoiva” inaeleweka mjini, lakini kwa akina mama wa kikundi chetu andika “itakaporejeshwa”.

Mwalimu wa Lugha, Tanga

Nami nakubaliana na dada Muuguzi kuhusu “itakaporejeshwa”. Ukilibadilisha neno hilo, tafadhali ipange sentensi upya isomeke “na haiwezi kupatikana kabla mikopo haijarejeshwa”, kwa sababu “itarudi itakaporejeshwa” inasema jambo moja mara mbili. Mengine yote yaache kama yalivyo.